Herufi Mbili Zilizohama

Ipogolo, Iringa
9 Agosti 1976

Mdogo wangu Didas,

Kamwene. Mimi nipo.

Kwamba vyama vya ushirika vimevunjwa ulisikia redioni. Ofisini kwetu walikuja watu wawili na daftari, wakahesabu viti, makabati, mpaka mkebe wa pini. Mashine yangu ya chapa wakaiandika namba kwa chaki, wakaipakia kwenye lori. Nimeipiga ile miaka kumi na minne. Nilisimama mlangoni mpaka lori likaondoka, kisha nikarudi nyumbani kwa miguu.

Padre Timotheo anasema parokia ina kazi ya kupiga vyeti, barua na matangazo, ila mashine hawana. Nikipata yangu, kazi ni yangu. Watu wa maombi ya kazi na wa rufaa nao watakuja hapa nyumbani. Lakini madukani Iringa hakuna mashine hata moja. Nasikia duka la mkoa huko Mbeya huletewa. Naomba unitafutie. Akiba ninayo, nitatuma kwa hawala ya posta.

Jambo moja. Mpangilio wa herufi uwe kama wa ile ya ofisini. Safu ya juu ianze Q, W, E, R, T, Y. Rangi, ukubwa, mpya au kuukuu, sijali. Hilo la herufi tu.

Msalimie Mbuke. Mwambie Kalista shangazi yake anamkumbuka.

Dada yako,
Apolonia Kalinga


Mbeya
30 Agosti 1976

Dada Apolonia,

Barua yako nimeipata. Siku hizi unaandika herufi kubwa kubwa na mistari inapandana, mpaka Mbuke akauliza kama ulikuwa ndani ya basi.

Nimekwenda duka la mkoa. Mashine zipo, ziko juu ya kabati, bado zina karatasi za nailoni. Nikamwuliza yule bwana wa stoo, "Mna aina gani, ndugu?"

Akasema, "Aina hiyo."

"Na nyingine?"

"Nyingine ni hiyo hiyo. Zipo sita."

Nikaomba ateremshe moja. Nikaangalia herufi kama ulivyoniagiza. Q, W, E, R, T, halafu Z. Y nikaikuta chini kabisa, kushoto, mahali pa Z. Vituo navyo vimehamahama kidogo. Nikamwambia, "Hii imekosewa." Akasema haikukosewa, Wajerumani hupanga hivyo, na nchi imeletewa za Kijerumani. Nikamwuliza kama haiwezekani kuagiza zenye mpangilio tuliouzoea.

"Mimi huletewa, ndugu," akasema. "Siagizi. Mashine ni hiyo. Unaitaka au huitaki?"

Nikasema nitamwuliza dada yangu. Kwa hiyo nakuuliza. Mimi naona ni nzuri. Imara, inang'aa, na ina sanduku lake. Herufi mbili tu ndizo zilizohama.

Kalista ametimiza miaka minne. Anasema atakuja kusoma kwa shangazi Iringa, na kwamba huko hakuna kuchota maji. Sijui nani kamwambia.

Mdogo wako,
Didas


Ipogolo
14 Septemba 1976

Mdogo wangu Didas,

Usiinunue hiyo. Sitaiweza.

Y na Z si herufi mbili tu. Hesabu mwenyewe katika barua yako ni mara ngapi umeandika ya, za, yako, hizi. Kiswahili chote kimekaa juu ya herufi hizo.

Padre Timotheo ananiambia Chunya yuko mtu anaitwa Abrahamu, alikuwa karani wa wanunuzi wa tumbaku. Ana mashine ya zamani ya Kiingereza, anataka kuiuza. Naomba uende ukaitazame. Hata kama ni mbovu, inaweza kutengenezwa.

Dada yako,
Apolonia


Mbeya
11 Oktoba 1976

Dada,

Nimesoma barua yako mara mbili, sijakuelewa. Wewe ndiye uliyefundisha wasichana wangapi kupiga chapa? Kama Z imehama, utaangalia ilipo, utaipiga. Baada ya mwezi mkono utakuwa umezoea. Mtu aliyezoea kuishi bila kazi tangu Mei atashindwa kuzoea herufi mbili?

Samahani kwa neno hilo. Sitalifuta kwa sababu sina karatasi nyingine.

Chunya si hapa. Ni lori la tumbaku na vumbi mpaka kwenye meno, na mimi ruhusa nimebakiwa na siku tano tu katika mwaka. Mbuke alitaka siku hizo niende naye kwao Igawa, kwa baba yake mzee Magesa. Wanamwona mjukuu mara moja kwa mwaka. Duka la mkoa zimebaki mashine tatu. Nasikia zote zitagawiwa shule.

Niambie nifanye nini.

Didas


Ipogolo
25 Oktoba 1976

Mdogo wangu Didas,

Nenda Chunya kwanza. Ikishindikana, nunua hiyo ya dukani kabla hawajaigawa. Fedha nimezituma leo.

Sikuombi tena kitu baada ya hiki.

Apolonia


Mbeya
22 Novemba 1976

Dada Apolonia,

Mashine nimekununulia. Nimemkabidhi Liberatus, yule dereva wa basi wa Ipogolo, kaiweka mbele karibu na kiti chake. Atakufikishia mlangoni.

Chunya nilikwenda. Ile ya Abrahamu imekwisha. Kaipuliza mbele yangu, vumbi likatoka kama unga. Herufi saba hazipo kabisa, na utepe hauzunguki. Nikarudi, nikachukua hii ya dukani. Ilikuwa ya mwisho.

Ukifungua sanduku, kuna vifungo viwili vya pembeni, vibane pamoja. Kuna msumari mwekundu unaozuia gari la mashine, lile linalobeba karatasi, lisitembee wakati wa safari. Utoe kwanza kabla hujapiga, usije ukaivunja. Utepe wa pili uko chini ya kifuniko. Mafuta kidogo sana, ya cherehani yanafaa.

Geuza karatasi.

Kalista amefariki. Mbuke alitangulia naye Igawa ili wamwone babu, mimi ningewafuata. Surua iliingia pale kijijini. Aliugua Jumanne, Alhamisi tarehe 11 akafariki, Ijumaa akazikwa. Sikupeleka simu kwa sababu nilipofika mimi mwenyewe alikuwa ameshazikwa, nikaona hakuna mazishi ya kukuwahisha. Usihangaike kuja, mvua zimeanza na barabara ya kuingia kijijini imekatika. Mbuke yuko hapa Mbeya na mimi. Haongei.

Sijui niandike nini tena.

Didas


Ipogolo
8 Desemba 1976

Mdogo wangu Didas,

Mashine imefika salama. Liberatus kaiweka mezani, mimi nikautoa ule msumari mwekundu kama ulivyonielekeza. Ni nzito na sauti yake ni kavu. Asante kwa safari ya Chunya. Najua nilikusumbua.

Bado sijaanza kuipiga vizuri. Ndiyo maana naandika kwa mkono.

Nimempa Liberatus kifurushi. Ni gauni la Kalista la Noeli. Kitambaa nilichagua mimi, jirani yangu Rozalia kakishona. Tumelifanya refu kidogo kwa sababu watoto wa umri huo hukua kila ukigeuka. Likimzidi, Mbuke alikunje pindo.

Mwambie akimaliza darasa la kuchota maji, nafasi yake huku ipo.

Dada yako,
Apolonia


Mbeya
20 Desemba 1976

Apolonia,

Gauni limefika.

Usitume kitu kingine. Usiandike.

Didas


Ipogolo, Iringa
17 Februari 1977

Mdogo wangu Didas na wifi zangu Mbuke,

Poleni kwa msiba wa mtoto. Habari hiyi nimeyijua juyi. Mieyi mitatu imepita nami nilikuwa sijui. Macho zangu hazaoni. Nimeificha siri hizo kwa mwaka myima. Naomba mnisamehe kwa lile gauni. Kalista alikuwa mwanangu pia. Mungu amlaye mahali pema.

Kutoka hapa anaandika Rozalia kwa mkono wake, mimi nasema.

Nilimpa Rozalia hiyo ya juu anisomee. Alisoma polepole. Alipofika kwenye maneno ya mwisho akasita. Nikamwambia asome. Akasema, "Dada, umetaka kuandika amlaze. Mashine imeandika amlaye." Nikamwambia aitoe karatasi aichane. Amekataa. Anasema muipate kama ilivyo, la sivyo nitawaficha tena.

Macho yalianza kufifia nikiwa bado ofisini. Kwanza pembeni, kama mtu anayetazama kupitia bomba. Kisha kati nako kukawa na ukungu. Ofisini hakuna aliyejua. Mpiga chapa hatazami mashine, hutazama karatasi ya kunakili, na mimi nilikuwa nikiwaambia, "Nisomee, nitakwenda haraka zaidi." Walinisifu kwa hilo. Vidole vinajua vilipozoea kwenda. Ndiyo sababu niliisumbukia ile safu ya juu. Ukiniambia nitaangalia ilipo Z, nitaangalia na nini?

Sikukuambia kwa kuwa nilijua ungesema nini. Ungesema njoo ukae kwetu. Ningekaa kwenye mkeka wa Mbuke nikiletewa chakula, na mtoto akiambiwa asipige kelele. Sikutaka. Nilitaka mashine.

Barua zako nilizisoma mwenyewe, nje, jua la saa sita, na kioo cha kukuzia cha marehemu mume wangu. Neno moja moja. Ile ya Novemba nilisoma upande wa kwanza kwa siku mbili. Pale chini ulipoandika nigeuze karatasi, nikadhani bado ni maelekezo ya mashine. Upande wa pili ulikuwa na wino mwembamba na karatasi ilikuwa laini, nikadhani ni kivuli cha maandishi ya mbele. Jina lako sikuliona chini, nikadhani umesahau kutia sahihi. Nikaikunja nikaiweka.

Uliponiandikia nisiandike, niliisoma hiyo vizuri sana, maana ilikuwa fupi. Nikadhani umekasirikia Chunya.

Juzi Liberatus alipita hapa. Akasema, "Mama, siku zote naona haya kukupa pole ya yule mtoto." Nikamwuliza mtoto yupi. Alidhani sikusikia, akarudia. Nikamshukuru. Alipoondoka nikamwita Rozalia, nikampa barua yako, nikamwambia ageuze.

Sikumbuki nilichofanya jioni ile. Rozalia anasema niliosha vyombo.

Sijui kulia kumekwenda wapi. Nimekaa nikingoja, hakuji.

Dada yako,
Apolonia


Mbeya
6 Machi 1977

Dada Apolonia,

Barua yako ilinikuta kazini. Niliona mistari ya juu nikadhani umeanza kulewa. Kisha nikafika mwandiko wa Rozalia, nikakaa chini juu ya gunia la saruji. Wenzangu wa karakana wakauliza kuna nini. Nikasema hakuna.

Nyumbani nilimsomea Mbuke yote. Nilipofika kwenye "amlaye" nilitaka kuliruka. Akanishika mkono, akasema, "Soma hilo." Lilikuwa neno lake la kwanza tangu asubuhi ya siku iliyotangulia. Nikasoma. Hakuondoka.

Sasa nami nina langu nililokuficha. Ile wiki Kalista anaumwa, mimi nilikuwa Chunya. Zile siku tano za ruhusa ndizo nilizotumia. Mzee Magesa alimtuma mtu mpaka barabarani Igawa kupiga simu kazini kwangu, wakamjibu sipo, nimekwenda kutazama mashine ya chapa. Nilikuwa nimekaa kwenye kibaraza cha Abrahamu, namtazama akipuliza vumbi. Kisha nikakaa siku mbili nikingoja lori la kurudi. Nilipofika Igawa waliniosha mikono, wakanionyesha mahali.

Nilipoandika ile barua nilitaka ulijue hilo. Nilianza na mambo ya mashine nikitafuta ujasiri, nikageuza karatasi, na huko nyuma nikaona nisikuandikie hilo. Halafu ukaleta gauni. Nilidhani umesoma, umeona si kitu. Nimekuchukia miezi miwili, dada. Nakuambia tu ili isiwe siri nyingine.

Gauni Mbuke kaliweka sandukuni kwake. Sijui kwa nini, sijamwuliza.

Kuna fundi hapa anaitwa Sedekia, hutengeneza saa na mashine za ofisi. Nimemwambia habari ya Y na Z. Akacheka akasema, "Mbona hukuja tangu mwanzo? Kila herufi ni kipande cha chuma kimeshikizwa kwa risasi ya kulehemia kwenye mkono wake. Naiyeyusha risasi, nakihamisha kipande, nakishikiza tena. Kazi ya asubuhi moja." Tangu mwanzo, dada. Duka lilisema mashine ni hiyo, nami nikaamini mashine ni hiyo.

Pasaka nitakuja. Tutakwenda hospitali ya misheni kwa daktari wa macho, kisha nitaichukua mashine niirudishe ikiwa tayari. Sitasema njoo ukae kwetu.

Didas


Ipogolo, Iringa
2 Mei 1977

Mdogo wangu Didas,

Naandika kwa mashine. Liberatus aliileta juzi. Rozalia amepitia ukurasa huu, anasema hakuona kosa, ila vile vituo ambavyo sijavizoea. Anasema juu ya vibonye bado Z imeandikwa mahali pa Y, na kwamba mtu mwenye macho akija kuipiga atachanganyikiwa. Basi asije.

Dawa ya matone naitia asubuhi na jioni. Nikikosa jicho, nyingine huingia sikioni. Uliondoka haraka siku ile hospitali, kwa hiyo hukusikia daktari alivyomalizia. Alisema hivi: kilichokwenda hakirudi, dawa inalinda kilichobaki. Nikamwuliza kilichobaki ni kiasi gani. Akaweka mkono mbele yangu akauliza ni vidole vingapi. Nikasema vitatu. Hakuniambia kama ni sawa.

Padre Timotheo ameleta kazi ya kwanza, vyeti vya ubatizo. Rozalia anasoma jina la mtoto, jina la baba, jina la mama, tarehe. Mimi napiga. Tulipiga thelathini na nane jana. Jina la ishirini na kitu lilikuwa Kalista. Nikalipiga. Rozalia akaacha kusoma, nikamwambia aendelee, akaendelea.

Kuhusu Chunya. Nilikuwa nimekaa nikifikiri nikuandikie kwamba si kosa lako, na kwamba ni langu, niliyekutuma. Kisha naona tukigombania kosa hilo tutakuwa tunagombania kitu ambacho hakina faida kwa yeyote. Mimi nilikutuma, wewe ukaenda. Ndivyo ilivyokuwa.

Mbuke hajaniandikia. Hata salamu zake unazoandika wewe, naona ni za kwako. Simlaumu. Ila ningependa kujua kama yupo.

Dada yako,
Apolonia


Mbeya
29 Mei 1977

MWANGALUKA WIFI,

NI MIMI MBUKE. NAANDIKA MWENYEWE. NASOMA ELIMU YA WATU WAZIMA JUMATATU NA ALHAMISI. MWALIMU ANASEMA NIMEFIKA HATUA YA TATU. KARATASI HII NI YA MFUKO WA SARUJI DIDAS KALETA KAZINI. NIMETUMIA MKAA NIMEPAKA NA UJI WA MUHOGO USIFUTIKE.

SIKUANDIKA KWA SABABU SIKUWA NA NENO. SI HASIRA. NILIKUWA NAAMKA NAPIKA NALALA.

DIDAS ANASEMA ANGEKUWEPO. WEWE UNASEMA USINGEMTUMA. MIMI NILIKUWEPO WIFI. NILIMSHIKA SIKU ZOTE TATU. DAWA ALIPEWA. MGANGA ALIKUJA NA BAISKELI MARA MBILI. BABA MAGESA ALIUZA NG'OMBE ILI TUPATE GARI NA GARI LILIKUJA. MTOTO ALIKUWA AMEKWISHA KWENDA. MTU ALIKUWEPO PALE NA HAIKUSAIDIA. MWAMBIE DIDAS. MIMI NIMEMWAMBIA HASIKII. WEWE ATAKUSIKIA.

HAKUNA ALIYENIULIZA ALIKUFAJE. WOTE WANANIULIZA KAMA NIMEKULA. NAKUAMBIA WEWE. ALHAMISI ASUBUHI ALIOMBA MAJI. NIKAMPA. AKASEMA YA BARIDI. ALIFURAHI KIDOGO KWA SABABU MWILI ULIKUWA MOTO. AKASHIKA KIKOMBE MWENYEWE. HAKUMWAGA. KISHA AKALALA MGUUNI PANGU NA MIMI NIKAKAA HIVYO HIVYO MPAKA MCHANA NIKIOGOPA KUMWAMSHA.

NDIYO HIVYO.

MANENO HAYA YAMENICHUKUA SIKU NNE. SIJUI KAMA UKUBWA HUU UNATOSHA. KAMA HAUTOSHI SEMA. NITAANDIKA KUBWA ZAIDI.

WIFI YAKO
MBUKE